UZI: Nani hasa humchagulia mtoto wa Kayole kozi ya chuo kikuu?

mhadhiri_wa_jioni:

Hamjambo wadau. Uzi huu ni mrefu. Aliye na haraka auache kwanza, aurudie jioni akiwa ndani ya matatu.

Mimi hufundisha uchumi kwa mkataba wa muhula, madarasa ya jioni, katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Msimu wa kuchagua kozi ukifika, kila Jumamosi humsaidia binamu yangu kwenye saiba yake Kayole, upande wa Masimba. Kompyuta nane, printa moja, na foleni inayotoka mlangoni hadi kwa muuza mayai.

Jumamosi iliyopita aliingia kijana na mamake. Mama alikuwa ametoka Gikomba moja kwa moja, kibeti cha mauzo bado amekifunga kiunoni. Kijana amepata B. Mkononi ana kikaratasi kilichokunjwa mara nne, namba yake ya mtihani imeandikwa kwa kalamu. Mfumo wa KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, ukataka namba ya cheti cha kuzaliwa, na cheti kiko kwa nyanya yake, Mwingi. Ikabidi nyanya apigiwe simu, atafute miwani, afungue sanduku, asome tarakimu mojamoja. Mara ya kwanza tukakataliwa: nyanya alikuwa amesoma 1 mahali pa 7. Watu wa foleni wakaanza kunung'unika. Tulipofaulu kuingia, dakika arobaini zilikuwa zimekwenda.

Binamu yangu akamuuliza, "Haya, unataka kusomea nini?"

"Chochote nitakachopata," kijana akajibu, macho yakiwa sakafuni.

Basi binamu akafungua orodha ya pointi za mwaka jana, akashuka nayo kwa kidole, akamjazia kozi za biashara za vyuo mbalimbali, zote ambazo pointi za kijana zilizivuka kwa mbali. Akalipia kwa simu, akaprinti, akaita anayefuata. Dakika sita. Mlangoni yule mama akageuka akauliza kama hiyo kozi ina kazi. Hakuna aliyemjibu. Hata mimi sikumjibu, nilikuwa tayari nimeshika kikaratasi cha mwingine.

Swali la mama yule limenikaa kooni wiki nzima. Tunabishana sana kuhusu karo na kuhusu jina la chuo. Lakini mimi naamini kinachoamua mtoto wa mtaani ataishia wapi, kwa kiasi kikubwa, ni nani aliyeketi naye siku ya kujaza fomu. Wanauchumi wamelipima jambo hili kwa makini sana, na nataka tulijadili hapa.

mhadhiri_wa_jioni:

Naanza na utafiti ninaoupenda kuliko wote. Eric Bettinger na wenzake watatu waliuchapisha 2012. Walikwenda Ohio na North Carolina, Marekani, kwenye ofisi za H&R Block, kampuni inayowajazia watu fomu za kodi. Familia za kipato cha chini zilizokubali kushiriki ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilijaziwa papo hapo fomu ya kuomba msaada wa karo, maana habari nyingi zilishapatikana kwenye fomu ya kodi, na likaelezwa lingepata kiasi gani. Kundi la pili lilipewa makadirio ya msaada na maelezo, likaachwa likajaze lenyewe.

Kwa vijana waliokuwa wakimaliza sekondari, walioingia chuo walitoka takriban 34 kwa kila 100 hadi 42. Kundi la maelezo matupu halikuonyesha badiliko lolote la maana.

Someni hapo tena polepole. Maelezo peke yake hayakumvusha mtu. Aliyevusha ni yule aliyekaa na familia, wakajaza pamoja. Na usaidizi wenyewe ulichukua chini ya dakika 10. Kwa hiyo dakika sita za binamu yangu si chache hivyo. Shida iko katika kile tunachofanya ndani yake.

saiba_pipeline:

Mwalimu, nakuheshimu, lakini usitubebeshe mzigo wote. Mimi nina saiba Pipeline mwaka wa kumi sasa. Mtoto anakuja siku ya mwisho saa nne usiku, mfumo umelemewa, stima imepotea mara mbili. Shuleni kwake hakuna mwalimu aliyewahi kukaa naye. Nyumbani yeye ndiye wa kwanza kufika hapo. Mimi nalipwa kwa fomu, silipwi kwa ushauri. Na nikimwekea kozi ya pointi za juu akaikosa, mzazi wake ananirudia na hasira zote. Nikimwekea ya chini akaipata, wananishukuru. Sasa wewe ungefanyaje?

mhadhiri_wa_jioni:

@saiba_pipeline umegusa penyewe, na asante kwa kusema wazi. Malipo yako na shukrani unazopewa vyote vinakusukuma upande mmoja: mtoto asikose. Hakuna anayekulipa ili apate inayomfaa. Hilo si kosa lako. Ukiona kazi kubwa namna hii imeachiwa mtu anayelipwa kwa kuprinti, ujue wenye kazi hiyo wameikimbia.

Ila ile hesabu ya kuogopa kukosa ina historia nzuri, niruhusuni niisimulie. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley waliandika makala fupi kuhusu vyuo na waombaji. Njia yao ni hii. Kila mwombaji abishe kwanza kwenye mlango anaoutaka zaidi. Chuo kiwashike kwa muda walio bora, kiwaachilie waliozidi nafasi. Walioachiliwa wabishe mlango unaofuata, na chuo kiwalinganishe wageni na wale kilichokuwa kimewashika. Hakuna anayethibitishwa mpaka pasiwe na anayeachiliwa tena. Uzuri wake ni kwamba mwombaji hapotezi kitu kwa kuandika anachokitaka kwa kweli, kwa sababu aliyebisha mlango wa pili hafikiwi na adhabu ya kuchelewa. Shapley alipewa Nobeli ya uchumi 2012 pamoja na Alvin Roth, aliyeipeleka hesabu hiyo kwenye kazi halisi: kuwapanga madaktari wapya hospitalini, kuwapanga watoto katika shule za New York na Boston. Gale alikuwa ameshafariki, 2008.

Lakini sharti moja: orodha iwe ndefu ya kutosha. Ukipewa nafasi chache za kuandika, ukaweka ndoto tupu, waweza kutoka mikono mitupu. Hapo woga wa saiba una msingi. Kosa ni kuziweka zote chini, kama alivyofanyiwa yule kijana. Mtu aweke juu ile anayoitamani hata kama pointi zinakaribiana tu, katikati aweke za saizi yake, na mwisho ya kumlinda.

Na hizi pointi za klasta, jamani. Klasta ni masomo manne yanayohesabiwa kwa kozi fulani, na upeo wa pointi zake ni 48. Zile za mwaka jana mnazoziona kwenye mfumo si bei iliyobandikwa dukani. Ni pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka ule. Wakiomba wengi zaidi mwaka huu zitapanda, wakipungua zitashuka. Kijana aliyepungukiwa na nusu pointi hana sababu ya kuifuta kozi kwenye orodha.

mzazi_umoja:

Mimi ni mama wa watatu. Nashukuru kwa somo, lakini jina la shule halina maana kweli? Kifungua mimba wangu nilimpeleka shule ya kitaifa kwa mkopo wa chama na ng'ombe wawili wa babake. Sasa nataka aingie chuo chenye jina. Mnaniambia nilipoteza pesa?

hesabu_kwanza:

Na mimi nina swali. Ohio si Kayole. Kila siku mnatuletea tafiti za wazungu. Kuna iliyofanywa hapa kwetu?

mhadhiri_wa_jioni:

Nitawajibu pamoja, kwa sababu jibu ni moja.

Ipo ya hapa kwetu. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, 2014. Waliwachukua watahiniwa wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa wakati ule, waliokaribia sana mstari wa kuingia shule za kitaifa, wengine juu yake kidogo, wengine chini kidogo. Watoto hao wanafanana kwa kila kitu, tofauti ni alama chache tu, na mmoja akaenda shule ya kitaifa, mwenzake akabaki nje. Kisha wakayatazama matokeo yao ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba shule ya kitaifa ilimpandishia mtoto alama. Wale wana alama za juu kwa sababu waliingia nazo juu.

Mama Umoja, shikamoo, na usiumie. Utafiti ule ulipima alama za mtihani tu. Haukupima marafiki aliowapata, nidhamu, Kiingereza cha kujiamini mbele ya watu, wala furaha yako siku ya kumpeleka na sanduku. Tena unawahusu wa mstarini, hauwahusu wote. Pesa yako haikupotea. Ila kwa chuo kikuu ningekuomba ubadilishe swali: uliza kozi kabla ya kuuliza jina.

Hilo silisemi kwa hisia. Norway wana mfumo mmoja wa kitaifa wa kuwapangia wanafunzi nafasi, unaofanana na wetu kwa umbo: mtu huorodhesha kozi na chuo, alama zinaamua. Lars Kirkebøen, Edwin Leuven na Magne Mogstad walichapisha 2016 matokeo yao baada ya kuwalinganisha waliovuka mstari kidogo na walioukosa kidogo. Tofauti ya kipato kati ya fani na fani ilikuwa kubwa mno, hata baada ya kuzingatia ile ambayo mtu angeisomea kama angekosa ya kwanza. Tofauti kati ya chuo na chuo ndani ya fani ileile ilikuwa ndogo ukilinganisha.

Na kuna moja ya Chile inayoniuma kila nikiisoma darasani. Seth Zimmerman, 2019. Aliangalia waliovuka mstari wa kuingia kozi za kifahari, zile zinazozaa wakurugenzi na matajiri. Je, kuingia kulimpandisha mtu hadi kiti cha ukurugenzi? Ndiyo, kwa wavulana waliotoka shule za binafsi za gharama kubwa. Kwa wasichana na kwa waliotoka shule nyingine, athari ilikaribia sifuri. Walikaa darasa moja, wakafanya mtihani mmoja, lakini mlango ulifunguliwa na watu waliojuana tangu utotoni. Mtoto wa Kayole akienda chuo chenye jina kwa ajili ya jina, ajue jina hilo humlipa zaidi aliyekuja nalo kutoka nyumbani.

hesabu_kwanza:

Hapo nimekuelewa. Lakini Norway mshahara wa muuguzi unajulikana na ajira ipo. Hapa muuguzi anahitimu anakaa nyumbani. Fani inalipa mahali penye kazi.

mhadhiri_wa_jioni:

Kweli kabisa, na sitaki mtu achukue orodha ya fani za Norway aitumie Nairobi. Ninachochukua kule ni njia ya kuuliza. Yule mama wa Gikomba aliuliza swali sahihi kuliko sisi wote tuliokuwa mle ndani: hii kozi ina kazi? Jibu lingekuwa tunalo kama kila chuo kingelazimika kuonyesha waliohitimu kozi fulani miaka mitatu iliyopita wako wapi leo. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, inawafuatilia wakopaji wake tangu sheria yake ya 1995, maana inataka kulipwa. Habari za nani anafanya kazi na nani hana zinapita mikononi mwa serikali kila mwezi. Ziwekwe pale pale penye pointi za klasta, mtoto azione kabla ya kubonyeza.

mwaka_wa_tatu:

Mnazungumzia kuingia tu. Sisi tulio ndani je? Muhula huu nina somo ambalo mhadhiri tumemwona mara nne. Kisha tunaletewa karatasi ya kumpima mhadhiri, wote tunampa alama za juu kwa sababu mtihani wake ni rahisi. Kuna utafiti wa hilo?

mhadhiri_wa_jioni:

Upo, na ni mtamu. Scott Carrell na James West, 2010, katika chuo cha jeshi la anga la Marekani. Pale mwanafunzi hachagui mhadhiri, anapangiwa kwa bahati nasibu, mtihani ni mmoja kwa wote, na wote lazima waendelee na masomo yanayofuata. Waligundua kwamba wahadhiri ambao wanafunzi wao walifaulu zaidi katika somo la kwanza la kalkulasi, na wakawapenda zaidi kwenye karatasi za tathmini, wanafunzi hao walifanya vibaya zaidi katika masomo ya juu yaliyofuata. Wanafunzi wa wahadhiri wazoefu walipata alama za chini mwanzoni, lakini walichopandiwa kilionekana baadaye. Kwa hiyo ile karatasi mnayoijaza inapima raha ya muhula huu.

Kuhusu mhadhiri wako wa mara nne: simtetei asiyekuja. Ila nikueleze maisha yalivyo upande huu. Nina darasa la wanafunzi zaidi ya mia tatu. Vitabu vya majibu vya muhula uliopita viko chini ya kitanda changu, nimevifunga kwa kamba ya katani mafungu matano. Nimevisahihisha vyote, alama nimeziwasilisha, na mihula miwili sasa sijalipwa. Mwenzangu hufundisha vyuo vitatu kwa siku moja, anakula chapati ndani ya matatu ya kwenda Thika Road. Akichelewa kwenu, alikuwa amesimama mbele ya darasa lingine.

Wako watakaosema tatizo ni mikataba. Sina hakika hiyo. David Figlio, Morton Schapiro na Kevin Soter walipima Northwestern, 2015, wakaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza walijifunza zaidi kwa wahadhiri wasio na ajira ya kudumu. Lakini wengi wa wahadhiri hao walikuwa na mikataba mirefu, wanalipwa, wanajulikana pale chuoni miaka na miaka. Mkataba unaolipwa kwa wakati na mkataba usiolipwa ni vitu viwili tofauti.

Na tulifikaje hapa? Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha moduli ya pili, wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Pesa ikaingia, majengo yakapanda, madarasa ya jioni yakajaa, na sisi wa mikataba tukaajiriwa kwa mamia. Kisha 2016 udhibiti wa mtihani ukakazwa. Waliopata A katika KCSE walishuka kutoka 2,685 mwaka 2015 hadi 141. Waliofikisha C+, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 88,929, wakatosha kwenye nafasi za serikali. Nani tena angejilipia moduli ya pili? Chemchemi ikakauka, lakini madarasa na madeni yakabaki. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma uliomalizika Novemba 2025 ulichukua siku 49, na deni lililokuwa likigombaniwa ni shilingi bilioni 7.9.

mzazi_umoja:

Pole sana mwalimu. Sasa hizi bendi za karo ndizo zinazonitia hofu. Mdogo wake anataka kuomba lakini anasema, "Mama, na wakiniweka bendi ya tano?"

mhadhiri_wa_jioni:

Hofu ya mtoto wako ni ya haki. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 unagawa gharama kati ya ruzuku, mkopo na familia, na kila familia hupangwa katika bendi kulingana na uwezo wake. Kwa bendi za 2024, familia ya bendi ya kwanza ilichangia asilimia 5, ya bendi ya tano asilimia 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, na kesi ikaenda rufani. Mimi sina ugomvi na wazo la mwenye nacho kuchangia zaidi. Ugomvi wangu ni mpangilio: mtoto anachagua kozi kwanza, bendi anaijua baadaye. Anatembea gizani.

Linganisha na walichofanya Chuo Kikuu cha Michigan. Susan Dynarski na wenzake walichapisha 2021. Waliwatumia barua wanafunzi wazuri wa familia maskini, wakiwaahidi miaka minne bila karo wakikubaliwa, bila kujaza fomu yoyote ya kuthibitisha umaskini. Barua zilitumwa pia kwa wazazi na walimu wakuu. Wengi wao wangepata msaada wa kiasi hicho hicho hata bila barua, kwa kupitia fomu. Tofauti ilikuwa uhakika. Waliopata barua, 68 kwa kila 100 waliomba, wasiopata, 26. Waliojiunga walikuwa 27 dhidi ya 12. Pesa ni ileile, ila imetajwa mapema.

Ndiyo maana nasema bendi itolewe kabla ya kuchagua kozi. Habari za kipato cha mzazi hazibadiliki kati ya Februari na Agosti. Mwambie mdogo aombe anachokitaka. Bendi ikitoka vibaya, kuna njia ya kukata rufaa, na usiache kuitumia.

saiba_pipeline:

Nimekuwa nikifikiri. Nikianza kuuliza maswali matatu kabla sijafungua kompyuta, foleni haitachelewa sana. Somo gani ulilipenda hata mwalimu alipokuwa mbaya? Nani kwenu amewahi kufanya kazi unayoitaka? Ukikosa hii, utalia au utaendelea? Mwalimu, niongeze lipi?

mhadhiri_wa_jioni:

Usiongeze kitu. Hilo la tatu ni zuri kuliko chochote nilichoandika humu. Nitalibandika ukutani Jumamosi.

kidato4_juzi:

Samahani wakubwa, nimesoma uzi wote. Mimi ndiye yule wa Mwingi, nyanya wangu ndiye alisoma 1 badala ya 7. Rafiki alinitumia uzi. Kusema kweli nilitaka kusomea upimaji wa ardhi. Niliogopa kusema kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mama alikuwa amefunga kibanda. Bado naweza kubadilisha?

mhadhiri_wa_jioni:

Kijana wangu, nimefurahi mno kukuona hapa. Dirisha likiwa bado wazi unaweza kuingia ukapanga upya, na likifungwa huwa kuna awamu ya marekebisho kwa nafasi zilizobaki. Usingoje Jumamosi. Kesho nitakuwa saiba kuanzia saa kumi na moja jioni. Njoo na karatasi ya matokeo, tutafute klasta ya upimaji na vyuo vyote vinavyofundisha kozi hiyo, na tuone hesabu yako na fizikia zinakufikisha wapi. Namba ya cheti niliiandika kwenye daftari la binamu, na ile 7 nimeikaza wino.

kidato4_juzi:

Nitakuja na mama. Ameniambia nikuulize tena lile swali lake la mlangoni.